Maisha ya Dokta wa Nyanya, na Shamba Alilotukataza Kuchuma

“Mnataka nivae koti la plastiki kwenye jua hili? Nife mimi kabla ya wadudu?”

Hayo yalikuwa malalamiko ya marehemu kaka yangu, asubuhi ya Alhamisi tarehe 12 Oktoba 2023. Alikuwa amesimama mlangoni kwake na bomba la dawa mgongoni, na mkewe amemzibia njia, koti kwenye bega, barakoa mkononi. Mimi nilikuwa nimekwenda kuazima jembe, nikawakuta wameshaanza.

“Koti liache, basi. Hii angalau vaa,” mkewe alimwambia. “Ilinunuliwa ya nini? Imekaa msumarini mpaka buibui kazaa ndani.”

“Nikivaa hiyo nitapumulia wapi? Miaka yote nimepiga dawa bila hicho kitambaa, nimekufa?”

“Hujafa. Ndiyo maana nakwambia vaa.”

Akanigeukia mimi. “Huyu wifi yako angekuwa askari wa barabarani, magari yote yangelala njiani.”

Tukacheka. Hata mkewe alicheka, na katika kucheka akasogea kidogo, marehemu akapita hapo hapo. Barakoa ikarudi msumarini.

Wakubwa wa familia walinishauri nianze na kuzaliwa, kama wasifu wa watu wengine unavyoanza. Nimewakatalia. Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyomsikia akiyasema akiwa wima kwa miguu yake, na nyinyi mliokaa hapa, wengi wenu mna bomba nyumbani na barakoa msumarini.

Na kabla sijaenda mbali, nasema jambo moja. Shamba lake la chini, lile linalopakana na mfereji, mmelipita mkija hapa, limeiva jekundu na linavutia macho. Asichume mtu hata nyanya moja. Sababu nitaieleza kwa mpangilio, lakini kama mtoto wako amebaki anacheza huko nje, mwite kwanza akae karibu yako, halafu tuendelee.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1968, mtoto wa kwanza kati ya watatu wa marehemu baba yetu, mchimba visima, na marehemu mama yetu, mkulima wa mboga. Alizaliwa nyumbani, katika chumba chenye dirisha la mbao linaloangalia mfereji, mama akiwa ametoka tu kumwagilia mchicha. Mama alizoea kusema kwamba mwanawe huyo alikuja duniani na matope miguuni. Alikuwa mtoto mchangamfu, mwenye huruma, na mwenye jibu la kila kitu. Ukimuuliza njia ya mahali asipopajua alikuelekeza vilevile, tena kwa kunyoosha mkono, na ulipotea vizuri kabisa.

Alianza shule ya msingi mwaka 1976 akamaliza mwaka 1982. Hesabu alizimudu, na mwandiko wake ulisomeka hata na mkaguzi. Akiwa darasa la tano, kabichi za bustani ya shule zilivamiwa na vidukari, mwalimu akatangaza kwamba zing’olewe. Marehemu aliomba aachiwe wiki moja. Akakusanya majivu kutoka kila jiko la mtaa wetu, akayapaka majani moja moja kama mtu anayempaka mtoto mafuta, na kabichi zikapona. Mwalimu akasema mbele ya shule nzima, “Huyu ndiye daktari wetu.” Kuanzia siku hiyo jina lake la nyumbani likafa, akawa Dokta. Masomo hayakuendelea, kwa kuwa mwaka huo alipomaliza baba alivunjika kiuno kisimani, na mtoto wa kwanza akawa baba wa pili.

Mwaka 1985 aliajiriwa kama kibarua wa kupiga dawa katika shamba kubwa la mboga. Huko ndiko alikojifunza kazi, na huko ndiko alikojifunza makosa. Jioni, vibarua wa dawa walipotoka, msimamizi alikuwa akiwagawia kila mmoja kikombe cha maziwa getini. Hakuna aliyewaeleza ni ya nini. Wao wenyewe wakakubaliana kwamba maziwa yanasafisha dawa tumboni, na marehemu aliishika imani hiyo maisha yake yote. Akishapiga dawa anakunywa maziwa, basi, amejisafisha. Dawa iliyoingia kwa pua na kwa ngozi ya mgongo, pale bomba lilipovuja, maziwa yataifuatia njia gani? Swali hilo hatukumuuliza. Na tungemuuliza angekuwa na jibu.

Mwaka 1991 alikodi shamba lake mwenyewe, akaacha kazi ya kibarua, akaanza nyanya. Hapa nataka nimpe haki yake, maana watu wakifa kwa namna hii huachiwa lawama tu. Hakuna mkulima katika bonde hili aliyeijua nyanya kama yeye. Alijua ukungu unakuja kabla haujaonekana, kwa kushika tu udongo asubuhi. Mwaka ule wa mvua nyingi, 2009, alipita shamba kwa shamba akigonga milango, “Kateni majani ya chini, msimwagilie jioni,” na waliomsikia walivuna. Watu walipanga foleni uani kwake kila mmoja na jani mkononi, na yeye analipokea, analigeuza, analisugua, analinusa, anataja ugonjwa. Hakumtoza mtu chochote. Miche aliigawa kama pipi.

Lakini dawa alizijua kwa njia yake. Lebo zimeandikwa kwa maandishi madogo kama mayai ya chawa, tena kwa lugha ya watu, kwa hiyo yeye alisoma rangi. Palipo na alama nyekundu, alisema, ni dawa ya nyanya, maana nyanya ni nyekundu. Palipo na kijani ni dawa ya mchicha na sukuma. Alifanya hivyo miaka mingi kabla mwenye duka la pembejeo hajamwambia kwamba nyekundu maana yake ni sumu kali kuliko zote. Akajibu, “Basi si ndiyo inayofaa?”

Alichanganya kwenye ndoo moja, dawa mbili, wakati mwingine tatu, akikoroga kwa fimbo ya mpera. Alichovya kidole akagusa ulimi, kama anayepika mchuzi. “Imekolea,” alisema. Pua ya bomba ikiziba, aliiweka mdomoni akapuliza. Mkewe alikuwa akipiga kelele, yeye akatema mate pembeni, akaendelea.

Na hapa nitaje lile jambo ambalo limetufikisha tulipo. Jirani mmoja, simtaji na yeye anajijua, alimchungulia akichanganya, akasoma lebo, akaiga, akawahi sokoni kabla yake. Marehemu aliumia sana. Tangu msimu huo, kila aliponunua dawa aliiloweka chupa kwenye maji ya moto, akabandua lebo, akaichoma. Chupa zikabaki tupu usoni, zimepangwa kwenye rafu juu ya kitanda, zinang’aa kama glasi za wageni.

“Na ukisahau wewe mwenyewe?” mkewe alimuuliza.

“Nazijua kwa harufu.”

“Na wewe usipokuwepo?”

“Niende wapi?”

Bwana shamba wetu alipoitisha mafunzo mwaka juzi, marehemu alihudhuria, tena alikaa mbele. Yule kijana akaeleza kwamba kila dawa ina siku zake za kusubiri kati ya kupiga na kuchuma, na siku hizo zimeandikwa kwenye lebo. Marehemu akasimama. Akasema, siku hizo zimepangwa kwa ajili ya nchi za baridi, huku kwetu jua ni kali, linakausha dawa siku moja. Alisema vizuri, kwa mfano wa nguo kwenye kamba. Mlipiga makofi. Bwana shamba akabaki ameshika bango lake la picha, hana wa kumtazama.

Mwaka 1994, tarehe 17 Desemba, marehemu alifunga ndoa na huyu wifi yangu mnayemwona amekaa hapa mbele. Alikuwa binti wa muuza mkaa, na alikuja uani na jani la pilipili lililojikunja. Marehemu alilitazama muda mrefu kuliko ugonjwa ulivyohitaji. Akamwambia arudi kesho na jani lingine, ili ahakikishe. Kesho yake akamwambia arudi keshokutwa. Wifi mwenyewe anasema alikuja kuposwa pilipili zimebaki vijiti. Waliishi kwa amani na kwa kutaniana, wakajaliwa watoto wanne. Wifi alikuwa akipanga nyanya na kuziuza, marehemu akilima, na nguo za dawa alizifua yeye kwa mikono mitupu, beseni moja na za watoto, mpaka bwana shamba alipowaambia wanawake siku ile ya mafunzo kwamba zitengwe. Wifi hakupiga makofi siku ile. Alikwenda akanunua beseni jingine, na barakoa, na lile koti, kwa fedha za mchicha wake.

Sasa ugonjwa. Marehemu hakuwa mtu wa kuumwa. Kichwa kilimuuma siku za dawa, macho yalimwasha, mikono ilimtetemeka kidogo akishika kikombe, na yote hayo aliyaita uchovu.

Alhamisi ile viwavi walikuwa wameingia kwenye tunda. Dawa ya kawaida ilikuwa imeshindwa mara mbili, na nyanya zilikuwa zimeanza kubadilika rangi. Akazidisha kipimo, na akaongeza dawa nyingine aliyoinunua kwa mtu wa kupita, imewekwa kwenye chupa ya maji ya kunywa. Upepo ulikuwa umeamka. Akapiga shamba lote la chini, mstari kwa mstari, uso wazi.

Alirudi mchana akakaa kwenye ngazi. Jasho lilimtoka kama mtu aliyemwagiwa maji, mate yakimjaa mdomoni.

“Twende hospitali,” mkewe akasema.

“Nipe maziwa.”

“Dokta, twende.”

“Ni malaria hii. Nipe maziwa, mke wangu.”

Alikunywa, akatapika. Jua lilipoelekea kuzama nilimwinua kope, nikaona mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, na hapo hatukubishana tena. Mdogo wetu, fundi baiskeli, alisimamisha gari la kwanza lililopita barabarani, tukampakia.

Muuguzi wa mapokezi alifanya kazi yake haraka, mikono haikusimama. Aliuliza moja tu.

“Amepiga dawa gani?”

“Ya nyanya,” wifi akajibu.

“Mama, dawa ina jina. Jina lake?”

Wifi akanitazama. Mimi nikamtazama fundi baiskeli.

“Nileteeni chupa, basi. Haraka.”

Fundi baiskeli alikwenda akarudi na chupa zote ndani ya ndoo. Muuguzi akavaa glavu, akatoa moja, akaigeuza. Akatoa ya pili. Akazitoa zote akazipanga juu ya meza.

“Lebo ziko wapi?”

“Amezibandua.”

“Nani?”

“Mwenyewe.”

“Kwa nini?”

“Watu wasimwibie ujuzi,” wifi akasema, kwa sauti ndogo.

Yule muuguzi hakutufokea. Alizitazama zile chupa, akatutazama sisi, akaenda kumwita daktari. Afadhali angetufokea.

Daktari alimtibu kwa kufuata dalili. Alituambia wazi kwamba anapambana na kitu asichokijua sura. Ijumaa marehemu alipata nafuu kidogo, tukaanza kuitana kwa simu tukipeana moyo. Jumamosi alasiri alifumbua macho, akanitambua, akamtambua mkewe. Hakuomba maji.

“Zimechumwa?”

“Zipi, kaka?”

“Za chini.”

“Bado. Tunakusubiri wewe.”

“Msichume.”

“Mpaka lini?”

Akafumba macho. Nikadhani amelala.

“Sijui,” akasema.

Nimekuwa mdogo wake maisha yangu yote, na neno hilo sijawahi kulisikia kinywani mwake. Wifi alijaribu kumtania, machozi yakimtiririka. “Dokta mzima hujui?”

“Sijui, mke wangu. Nilizidisha. Na ile ya kwenye chupa ya maji... sijui ni nini. Msichume. Watoto wasile.”

Kifua chake kilijaa Jumapili. Marehemu alifariki dunia Jumatatu tarehe 16 Oktoba 2023, saa tatu asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitano. Daktari alitueleza aliyoyaona, na aliyokuwa hana hakika nayo alisema hana hakika. Ninamshukuru kwa hilo.

Tuliporudi nyumbani kuanza maombolezo, shamba lilikuwa limewiva bila kutungoja. Alhamisi lilikuwa na rangi ya chungwa, Jumatatu lilikuwa jekundu kutoka mwanzo hadi mwisho. Watu wanafika msibani, wanalitazama, wanameza mate. Baba yetu mdogo alikuwa wa kwanza kusema.

“Watu watakula nini? Nyanya zote zile zioze, na sisi tukanunue nyingine sokoni?”

“Amekataza mwenyewe, baba.”

“Mgonjwa husema mengi. Zioshwe kwa maji ya chumvi, zimenywe maganda, zipikwe sana. Moto unaua kila kitu.”

“Moto unaua wadudu. Hii ndiyo iliyoua wadudu. Utaiua na nini?”

“Binti yangu, una mdomo.”

“Ninao, baba. Na wewe unao, ndiyo maana sitaki uutie nyanya zile.”

Tukamwita bwana shamba. Nilikuwa na wasiwasi kwamba atasema ‘niliwaambia’. Hakusema. Mmoja wetu alimpa chupa anuse, akarudisha mkono nyuma, akavaa glavu kwanza, na hakunusa hata moja. Akatueleza hivi: siku za kusubiri zinahesabiwa kwa dawa unayoijua na kipimo unachokijua. Hapa hatujui dawa wala kipimo, kwa hiyo hakuna wa kutuhesabia. Wiki moja? Hawezi kusema. Wiki tatu? Hawezi kusema. Kuosha hakutoshi, maana nyingine huingia ndani ya tunda. Mbuzi wasipewe. Zing’olewe na mashina yake, zifukiwe kwenye shimo refu, mbali na mfereji na mbali na kisima.

Wote tukamtazama wifi. Shamba lile ndilo msimu mzima. Ndilo ada ya mtoto wa mwisho, ndilo kodi ya shamba lenyewe. Alikaa kwenye mkeka, kanga imemfunika mpaka kwenye paji.

“Chimbeni,” akasema.

Ndipo ulipokuja wasiwasi mkubwa kuliko yote. Jumatatu hiyo hiyo, fundi baiskeli alipokwenda kupima mahali pa shimo, alirudi mbio. Mistari ya pembeni, upande wa njia, ilikuwa imechumwa. Si na ndege, si na nyani. Ilichumwa na mtu anayejua kuchuma, vikonyo vimekatwa vizuri.

Nilipita mlango kwa mlango. Niliingia majikoni mwenu bila hodi, nikafunua sufuria zenu, na walionuna naomba wanisamehe kidogo tu, si sana, maana ningerudia. Niliuliza, nani kaumwa kichwa? Nani anatokwa na mate? Mtoto gani jasho linamtoka bila kucheza? Kila aliyekohoa Jumatatu ile nilimkodolea macho. Sikupata kitu, na kutopata kitu ndiko kulikonitisha zaidi.

Jumanne alikuja msibani yule mchuuzi wa nyanya anayekaa mbali, upande wa sokoni, tunayemwita Mama Kreti. Alilia kama tulivyolia sisi, akamkumbatia wifi, akakaa. Kisha akasema, kwa kumfariji, “Na zile kreti zangu tatu nilishachukua, shoga yangu, kwa hilo usihangaike.”

Nilisimama. “Kreti zipi?”

“Si zile alizoniahidi! Msimu uliopita alinipa tatu zimeoza chini, akasema atanifidia za shamba la mfereji. Ijumaa nilipita, nikapiga hodi, hakuna mtu. Nikajua mko kazini. Nikachuma zangu.”

“Ziko wapi?” Nadhani nilimshika mkono, maana baadaye alinionyesha alama ya kucha.

“Nyumbani. Nilichuma zikiwa bado ngumu, nimezifunika magunia ziive kwa soko la kesho. Kwani nini?”

Tulikwenda naye mbio. Kreti zilikuwepo zote tatu, chini ya magunia, nyuma ya mlango. Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Halafu Mama Kreti akafunua ile ya juu, akaitazama, akakaa chini taratibu.

“Jana nilikata mbili kwenye mchuzi.”

“Nani amekula?”

“Mimi. Na mama.”

Mama yake ni mzee asiyetoka kitandani. Tuliwapeleka zahanati wote wawili saa hiyo hiyo, na safari hii tulipoulizwa ‘dawa gani’ tulisema hatujui kabla hatujamaliza kuulizwa. Walipimwa, wakalazwa mpaka Jumatano, wakaruhusiwa. Mpaka naandika maneno haya leo Jumatano jioni, niwasomee kwenye mkesha huu, hawajambo. Daktari wa zahanati amesema tuwe macho, na sisi tunawatazama kama maziwa yaliyo jikoni. Mtu asituletee habari kwamba mbona Mama Kreti amekula na hajafa. Alikula mbili. Na mimi sijalala vizuri tangu nilipojua.

Mashina hayajaisha kung’olewa, ndiyo maana bado mnaliona shamba jekundu. Glavu tulizonazo ni jozi mbili, na bwana shamba amekataa mtu aguse kwa mikono mitupu. Kesho asubuhi, baada ya maziko, atakuwepo pale na ataonyesha namna ya kufanya. Mwenye glavu na buti aje. Mwenye barakoa msumarini aishushe aje nayo. Na mwenye chupa isiyo na lebo nyumbani kwake, asiimwage mferejini, aje aseme tu. Hatutamcheka. Wa kumcheka yuko wapi hapa?

Marehemu ameacha mjane, watoto wanne, ambao ni binti wa kwanza, mshonaji, wa pili, dereva wa lori, wa tatu, mwalimu wa chekechea, na wa mwisho aliye bado shuleni, wajukuu wawili, mimi dada yake, mdogo wetu fundi baiskeli, baba yetu mdogo, na wakulima wa bonde zima waliokuja uani kwake na jani mkononi na wakarudi na jibu. Familia inawashukuru wauguzi na madaktari waliomhangaikia, bwana shamba, mwenye gari aliyetubeba bila kutuuliza sisi ni nani, na wote mliofika.

Limebaki jambo la madeni. Kama kawaida ya msiba, tunaomba anayemdai marehemu aione familia. Mpaka sasa amejitokeza mtu mmoja, na hakujitokeza kudai. Leo Jumatano, alipotoka tu zahanati, Mama Kreti alikuja shimoni. Alivaa glavu za bwana shamba, akazimimina kreti zake zote tatu mwenyewe, hakutaka asaidiwe. Nyanya zilikuwa nzuri, zimeiva sawasawa, ziliporomoka kwa kishindo. Wifi alikuwa amesimama pembeni.

“Tunadaiwa bado kreti tatu,” wifi akamwambia. “Nipe mpaka msimu ujao.”

“Deni lipi, shoga yangu?” Mama Kreti alikuwa anazikung’uta kreti ukingoni mwa shimo. “Aliniahidi tatu, nikachuma tatu, kwa mkono wangu. Kanilipa. Nilikozipeleka ni shauri langu.”

Akazisuuza kreti mbali na mfereji, kama alivyoelekezwa, akazibeba tupu kichwani, akaenda zake.

Pumzika, kaka yetu, kwa amani. Hatujachuma.